Shanga za karatasi: kutoka kalenda ya mwaka jana hadi mkufu

Kalenda ya ukutani ikiisha mwaka, watu wengi huigeuza karatasi ya kufungia madaftari. Ukurasa wake mmoja wa ukubwa wa A3, ukikatwa vizuri, hutoa shanga 38. Hizo zinatosha mkufu wa sentimita 60 na jozi ya hereni, na bado unabaki na kumi za kukosea. Utakosea hizo kumi, hasa mara ya kwanza.

Ufundi huu katika ukanda wetu unajulikana zaidi Uganda. Wanawake wa Kiacholi waliokimbia vita vya kaskazini wakakaa maeneo ya Kireka, pembezoni mwa Kampala, ndio waliozifanya shanga za karatasi kuwa bidhaa inayonunuliwa hadi ng'ambo. Vifaa vyao ni vya kawaida kabisa: karatasi iliyotumika, gundi, sindano nene na vanishi. Ushanga wa kuuzika hutofautiana na ule unaofumuka baada ya wiki kwa mambo mawili, namna ulivyokatwa na namna ulivyosokotwa. Vanishi haiponyi kosa la hatua hizo. Hulifanya ling'ae tu.

Karatasi

Inayofaa zaidi ni karatasi ya kalenda, majarida yenye kurasa za kung'aa, vipeperushi vya matangazo na karatasi ya kawaida ya ofisini ya gramu 80. Gazeti la kila siku ni laini mno. Hunywa gundi, huchanika ukilivuta, na rangi yake huishia kijivu. Manila ni nene: mizunguko ya kwanza hukataa kupinda na ncha ya mwisho husimama hata uibane vipi. Karatasi ya kufungia zawadi yenye utando wa plastiki nayo iache, kwa sababu gundi nyeupe haishiki juu ya plastiki.

Kabla ya kukata, lowesha kidole usugue upande wenye rangi. Kidole kikitoka na rangi, karatasi hiyo itachuja mara itakapoguswa na gundi. Hapa ndipo wanaochapisha michoro yao wenyewe hukwama. Printa ya wino wa maji huchuja, lakini fotokopi na printa za leza hazichuji, kwa kuwa unga wake umeyeyushwa ukashikamana na karatasi. Michoro ya kalamu za rangi za watoto huchuja pia.

Vifaa vingine ni rula ya chuma, penseli, wembe au kisu cha kukatia karatasi, kipande cha boksi cha kukatia juu yake, gundi nyeupe ya maji (ile ya mbao inafaa sana), brashi ndogo, na kitu cha kusokotea. Hakuna kinachoshinda spoki ya baiskeli. Ni nyembamba, imenyooka, ina unene wa milimita 2, na fundi baiskeli atakupa iliyochakaa bila maneno mengi. Ichague sehemu iliyonyooka, isiyo na nyuzi za kufungia. Kijiti cha kuchokolea meno kinafaa kwa kuanzia, ila hulowa gundi na kuvunjika. Kijiti cha mishikaki huacha tundu kubwa la milimita 3 hivi, na tutaona mbele tundu kubwa lina hasara gani.

Kukata

Ushanga wa kawaida wenye tumbo katikati hutoka kwenye ukanda wa pembetatu ndefu. Upana wa kitako ndio urefu wa ushanga, na urefu wa ukanda ndio unene wake. Ukishika hilo, unaweza kupanga umbo lolote. Kitako cha sentimita 2 huzaa ushanga wa sentimita 2. Ukanda usiopungua upana, wa sentimita 1 mwanzo hadi mwisho, huzaa bomba. Ukanda ambao upande mmoja umenyooka na mwingine umelala huzaa ushanga wa umbo la pia ya kuchezea, mnene upande mmoja.

Chukua karatasi ya A4, au kata ukurasa wa A3 katikati upate A4 mbili. Iweke wima. Kwenye ukingo wa juu, ambao una sentimita 21, weka alama kwenye 0, 2, 4, 6 hadi 20. Kwenye ukingo wa chini weka kwenye 1, 3, 5 hadi 19. Sasa unganisha: 0 ya juu na 1 ya chini, 1 ya chini na 2 ya juu, 2 ya juu na 3 ya chini, uendelee hivyo kwa zigizaga hadi mwisho. Utapata pembetatu 19 kamili, kumi zenye vitako juu na tisa zenye vitako chini, na vipande viwili vya pembeni vya kutupa. Kata kwa wembe ukifuata rula. Mkasi nao unakata, lakini kwenye mstari wa sentimita 30 mkono huyumba, na ukanda uliokatwa kwa kuyumba huzaa ushanga wenye mabega yasiyolingana.

Ukimaliza, punguza ncha ya kila ukanda kiasi cha sentimita moja, ibaki na upana mdogo badala ya kuwa kali kama mwiba. Ncha kali huchanika kwenye gundi, ndiyo ya kwanza kubanduka.

Kuhusu unene, watu hushangaa wakigundua kwamba kuunganisha kanda mbili hakuzidishi ushanga mara mbili. Karatasi ya gramu 80 ina unene wa karibu milimita 0.1. Ukanda wa sentimita 30 kwenye spoki ya milimita 2 hutoa tumbo la milimita 6.5 hivi. Ukiunganisha mbili, ukawa na sentimita 60, unapata kama milimita 9 tu, kwa kuwa kila mzunguko mpya ni mrefu kuliko uliotangulia na hula karatasi zaidi. Karatasi ya jarida ni nyembamba, hutoa milimita 5.5 hivi. Ya kalenda nene hufika 7 au 7.5. Usichanganye karatasi za aina tofauti kwenye mkufu mmoja ukidhani zitalingana.

Na rangi ipi itaonekana? Sehemu kubwa ya ukanda hufichika ndani. Kinachobaki nje ni kingo mbili ndefu, zinazokuwa michirizi ya mabega, na sentimita 2 za mwisho karibu na ncha, zinazozunguka tumbo lote. Kwa hiyo picha nzuri katikati ya ukurasa haikusaidii kitu. Ukitaka tumbo jekundu, hakikisha nyekundu iko kwenye ncha.

Kusokota

Laza ukanda mezani, upande unaotaka uonekane ukitazama chini, kitako kikiwa kwako na ncha ikielekea mbele. Weka spoki juu ya kitako, sambamba na ukingo wake. Kunja ukingo juu ya spoki kwa vidole gumba, uubane, kisha sokota mizunguko miwili mikavu, bila gundi. Mizunguko hiyo ndiyo inayouzuia ushanga usigande kwenye spoki.

Sasa paka gundi kwenye sehemu iliyobaki. Ipake nyembamba, karatasi ing'ae kidogo tu bila gundi kujikusanya popote. Shika spoki kwa mkono wa kulia uizungushe, na kwa kidole cha shahada cha kushoto uvute ukanda nyuma taratibu ili ubaki umekazika. Macho yako yasitazame spoki, yatazame mabega. Kila mzunguko unaoongezeka lazima uache ukingo wenye upana uleule kulia na kushoto. Ukiona ukingo wa kulia unaliwa na wa kushoto unapanuka, ukanda umeanza kukimbia. Usiusukume kwa kucha. Rudisha nusu mzunguko, elekeza ukanda upya, endelea. Kosa la nusu milimita kwenye mzunguko wa tano huwa milimita 3 ukifika nchani, na tumbo huishia pembeni.

Ukifika mwisho, ongeza gundi kidogo chini ya ncha, ibane kwa kidole gumba huku ukihesabu hadi ishirini, kisha viringisha ushanga wote kati ya vidole mara mbili tatu ili ukazike. Utoe kwenye spoki kwa kuuzungusha huku unavuta. Ukikwama, tatizo mara nyingi ni gundi iliyoganda kwenye spoki. Ifute kwa kitambaa chenye unyevu kila baada ya shanga tano sita.

Gundi nyingi ni kosa la wengi. Karatasi hulowa na kuteleza, na ukiutoa ushanga kwenye spoki katikati yake huchomoka nje kama antena ya redio. Ukiwahi, usukume ndani uviringishe tena. Ukichelewa, huo ni wa kutupa. Ushanga uliolegea una dalili nyingine: ukiutazama kwa ubavu unaona mianya kati ya tabaka, na ukiubana kwa vidole viwili unabonyea. Huo nao usiupeleke mbele, kwa sababu vanishi itaingia kwenye mianya, haitakauka ndani, na ushanga utanata kwa wiki nzima.

Mwenye mkono uliozoea hutumia dakika moja hadi mbili kwa ushanga mmoja. Anayeanza atumie tano na asijilaumu.

Kukausha na kuziba

Tunga shanga kwenye mshipi wa kuvulia samaki uliovutwa kati ya misumari miwili, zisigusane, au choma kila moja kwenye kijiti na kukisimamisha kwenye kipande cha godoro. Ziache ndani ya nyumba saa 24. Kipindi cha masika, na hasa Pwani ambako hewa ina unyevu, ongeza siku ya pili. Juani usiziweke. Tabaka la nje hukauka na kusinyaa kabla ya ndani, ncha inabanduka, na rangi nyingi za majarida hupauka.

Hatua inayorukwa na wengi ni kuziba kabla ya vanishi. Changanya gundi nyeupe na maji, kijiko kwa kijiko, upake ushanga wote pamoja na midomo ya tundu, uache ukauke kabisa. Vanishi ya mafuta ikikutana na karatasi tupu huzama ndani na kuifanya ipitishe mwanga, kama karatasi iliyofungia maandazi. Maandishi ya upande wa pili hutokeza, na madoa hayo hayaondoki.

Baada ya hapo paka vanishi isiyo na rangi mara tatu, nyembamba. Ya maji hukauka kwa saa chache, harufu yake ni ndogo, na haigeuzi rangi. Ya mafuta ni ngumu zaidi na hustahimili jasho, lakini huvuta unjano. Juu ya kahawia na nyekundu inapendeza, juu ya buluu na nyeupe inachafua. Iache saa 24 kila baada ya kupaka, kabla ya kurudia. Ifanyie kazi mahali penye madirisha wazi, mbali na jiko la mkaa au la gesi, kwa kuwa mvuke wake na wa thina unashika moto.

Gundi pekee bila vanishi haitoshi, hata kama inang'aa. Gundi nyeupe ya kawaida hulainika kwa maji, na shingo ya mtu anayesubiri daladala mchana wa Februari ina maji ya kutosha.

Vanishi ikigeuka kama maziwa, ujue imepakwa siku yenye unyevu mwingi au juu ya gundi ambayo haijakauka. Ikiwa na tone lililoganda upande wa chini, umepaka nene. Geuza vijiti kila baada ya dakika kumi mwanzoni. Pia pitisha kijiti kwenye kila tundu kabla vanishi haijakaza, la sivyo utakuja kutoboa kwa sindano na kupasua mdomo wa ushanga. Ukiwa tayari, ushanga uliodondoshwa mezani hulia kama kokoto. Ukitoa mlio mzito na hafifu, bado una unyevu ndani.

Kutunga

Kati ya shanga za karatasi weka shanga ndogo za kioo, zile za rangi zinazouzwa kwa mafungu Kariakoo ya Dar es Salaam au Kariokor ya Nairobi. (Majina hayo mawili yana asili moja, kikosi cha wapagazi wa Waingereza cha Vita Kuu ya Kwanza, Carrier Corps.) Hapa ndipo ukubwa wa tundu unapoamua. Shanga za namba 11, ndogo na za bei nafuu, zina upana wa milimita 2 hivi. Kwenye tundu la milimita 2 huzama ndani moja baada ya nyingine, mkufu unalegea na uzi unaonekana. Chukua namba 8 yenye milimita 3, au bora namba 6 yenye milimita 4, ambayo kwenye urefu wa uzi huchukua milimita 3 hivi. Kumbuka kuwa namba ikipungua ushanga unakua.

Kwa mkufu wa sentimita 60, shanga za karatasi za sentimita 2 na namba 6 moja kati ya kila mbili, unahitaji 26 za karatasi na 26 za kioo. Urefu huo unapita kichwani kwa watu wengi bila kufuli. Wa sentimita 45, unaokaa chini ya shingo, lazima uwe na kufuli. Tumia uzi wa nailoni wa milimita 0.4 au 0.5, na uache sentimita 15 kila upande za kufungia. Usikaze hadi shanga zisimame kama fimbo. Ukishikilia ncha zote mbili juu, mkufu uning'inie kwa mkunjo laini na ubaki mwanya wa milimita 2 hivi kwa jumla.

Bangili ina hesabu yake. Shanga hukaa ndani ya duara na hula nafasi, hivyo urefu wa kutunga si sawa na mzingo wa mkono. Zidisha unene wa tumbo mara 3, jumlisha na kipimo cha mkono, ongeza nusu sentimita. Mkono wa sentimita 16 na shanga zenye unene wa milimita 6.5 unataka karibu sentimita 18.5. Kwa bangili, kata vitako vya sentimita 1.5, kwani vya 2 ni virefu mno na havipindi na mkono. Kila ushanga huo na mwenzake wa kioo huchukua sentimita 1.8. Kumi za kila aina zinakupa 18, kisha malizia na mbili za kioo.

Uzi wa lastiki wa milimita 0.8 unafaa hapa, lakini uvute mara kadhaa kabla ya kutunga. Usipofanya hivyo utajivuta wenyewe mkononi mwa aliyenunua, na bangili itakuwa pana baada ya siku tatu. Funga fundo kwa kupitisha uzi mara mbili katika kitanzi kimoja, kaza, rudia, dondoshea rangi ya kucha isiyo na rangi, kisha livute fundo liingie ndani ya ushanga wa karatasi. Gundi ya papo hapo iepuke. Huufanya uzi kuwa mgumu pale pale penye fundo, nao hukatika hapo.

Hereni ni rahisi kuliko vyote. Pitisha pini yenye kichwa kwenye ushanga mdogo, wa karatasi, kisha mdogo mwingine. Acha sentimita 1 juu, pinda kitanzi kwa koleo la mdomo mwembamba, utie ndoano. Vipete vya kuunganishia vifungue kwa kusogeza ncha moja mbele na nyingine nyuma. Ukizitanua kando, duara halirudi tena. Waya wa shaba uliochunwa kwenye nyaya za umeme unavutia kwa bei, ila huacha rangi ya kijani sikioni, na ndoano za bei ya chini zenye nikeli huwasha masikio ya baadhi ya watu. Kama unauza, sema wazi ndoano ni za nini.

Sema pia kwamba shanga hizi si za kuogea. Kuna wateja watakaoziomba kwa ajili ya kiuno. Wape za kioo. Kiunoni kuna maji, sabuni, mafuta na msuguano kila siku, na karatasi haitamaliza mwezi.

Vipande vinavyobaki

Shanga za kioo zilizobaki na vipande vya kalenda vinatosha kadi za Idi au za harusi. Kata manila ya sentimita 20 kwa 14, ikunje katikati baada ya kupitisha ncha ya kisu kisicho kali kwenye mstari wa mkunjo. Chora ua au mwezi kwa penseli upande wa ndani wa jalada, toboa matundu kila milimita 4 kwa pini juu ya sponji, kisha shona shanga namba 8 moja kila tundu, ukitokea na kurudi. Ukishona bila kutoboa kwanza, sindano itaikunja manila na tundu litachanika. Mafundo ya nyuma yafunike kwa karatasi nyeupe iliyopakwa gundi pembeni tu, kwa kuwa ukiipaka yote kadi hujikunja ikikauka. Ikiwa inapelekwa mbali, weka kitambaa laini kati ya shanga na bahasha, maana namba 8 chini ya rundo la barua hutoboa bahasha kutoka ndani.